Mji Mkongwe kwa Miguu: Majengo na Bustani za Unguja Mjini kwa Siku Mbili na Nusu

Kila ndugu au rafiki anapovuka kutoka bara, mimi ndiye ninayekabidhiwa kazi ya kumtembeza. Zamani nilikuwa nafanya kama wafanyavyo wengi. Tunaanzia Forodhani saa nne asubuhi jua likiwaka, tunapita jengo baada ya jengo, na ikifika adhuhuri mgeni hakumbuki lipi lilikuwa la Sultani na lipi la tajiri wa Kihindi. Siku moja shangazi yangu alijibwaga kwenye baraza ya nyumba ya watu kule Hurumzi, akavua viatu, akasema haendi popote. Akakaa pale akiutazama ukuta wa mbele yake, lipu imebanduka, ndani yanaonekana mawe yenye vitundu. "Mwanangu," akaniuliza, "haya mawe ni ya baharini?"

Tangu siku ile nimebadilisha mpangilio. Naanza na ukuta, majumba ya wakubwa yanafuata. Mpangilio ninaoutoa hapa ni wa siku mbili kamili na nusu siku ya nje ya mji, na nimeupanga kwa kufuata kivuli kwa sababu Unguja jua halina mzaha.

Kabla hujatoka nyumbani

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, upepo wa kusi unapovuma na hewa imepoa. Desemba hadi Februari ni kaskazi: kukavu, lakini joto lake ni la kuoga mara tatu kwa siku. Masika, yaani Machi hadi Mei, vichochoro hujaa maji na baadhi ya nyumba huvuja hadi ghorofa ya chini. Ukija wakati huo usife moyo, ila njoo na ndara za mpira.

Mwezi wa Ramadhani mji ni mtamu usiku na mkimya mchana. Migahawa mingi hufungwa, na kula au kunywa barabarani mchana ni kuwakosea watu adabu, uwe Muislamu usiwe. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane usipange kuingia mahali popote. Kaa upumzike kama wenyeji.

Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Viatu viwe vya kuvulika haraka, maana ukialikwa ndani ya nyumba utaviacha mlangoni. Beba noti ndogondogo za shilingi kwa viingilio, kahawa na maji. Ukimkuta mzee barazani anza na shikamoo. Salamu hiyo itakufungulia milango mingi kuliko kamera. Picha za watu omba kwanza. Picha za bandarini, za askari na za Ikulu usipige kabisa.

Na papasi, wale vijana wanaokuandama wakitaka kukutembeza? Wajibu kwa Kiswahili, kwa upole, mara moja: "Ahsante bwana, mimi mwenyeji." Ukitaka kiongozi wa kweli, chukua mwenye kitambulisho cha kazi, na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza: jifunze kusoma ukuta

Fanya hivi saa moja asubuhi siku ya kwanza, kabla ya maduka kufunguliwa. Ingia kichochoro chochote cha Mkunazini au Kiponda na utafute nyumba iliyobanduka lipu. Hutatafuta sana.

Utaona mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yamepangwa ovyo ovyo na kushikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo: huchomwa kwenye tanuu la magogo, halafu hulowekwa kwa muda mrefu hadi ilainike. Kwa hiyo nyumba nzima, mawe na gundi yake, ni kitu kimoja kilichotoka pwani. Kuta ni nene, mara nyingi zaidi ya nusu mita, na ndiyo sababu ukiegemea ukuta wa ndani saa nane mchana unaona ubaridi.

Inua macho utazame dari. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita tatu. Kipimo hicho cha mti ndicho kilichoamua upana wa vyumba vyote vya mji huu. Mwenye mali aliyetaka chumba kikubwa aliweza kukirefusha tu, kukipanua hawezi. Ndiyo maana hata ndani ya majumba ya kifalme utakuta vyumba virefu vyembamba kama mabehewa.

Sasa tafuta ugonjwa. Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na lipu ya chokaa huliruhusu lipumue. Ukiona nyumba ya zamani iliyopigwa lipu ya saruji, tazama pembeni na chini: saruji imevimba, inatoka vipandevipande, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Maji yameingia yakakosa pa kutokea. Mafundi wazee wa chokaa walilisema hili miaka mingi, lakini saruji ni rahisi kuipata na hukauka upesi, basi watu wakaipaka. Halafu kuna mtini. Mbegu inaletwa na ndege, inaota kwenye ufa wa paa, na mizizi inashuka ndani ya ukuta kama kabari. Mapaa mengi ya nyumba za Kiarabu yalikuwa ya kulala sawa, na baadaye yakafunikwa mabati kwa sababu ya mvua zetu. Bati likitoboka na mfereji ukiziba, nyumba imeanza safari yake.

Ukishaona hayo matatu, yaani jiwe, boriti na maji, umepata ufunguo wa siku mbili zinazofuata.

Hatua ya pili: milango na baraza

Huhitaji kwenda popote maalumu. Milango iko kila kona. Kuna aina kubwa mbili za kutofautisha. Mlango wa Kiarabu wa zamani una kizingiti cha juu kilichonyooka, kimechongwa nakshi na mara nyingi kimeandikwa aya ya Qur'ani au jina la mwenyewe na mwaka wa Hijra. Mlango wenye asili ya Kihindi, hasa wa Gujarati, una mbao zinazojikunja na vibao vya mraba vyenye misumari ya shaba, na hutawala mtaa wa maduka. Mlango wenye nusu duara ya nakshi juu ni wa baadaye, ladha za pande zote mbili zilipochanganyika. Ubao wa katikati unaofunika pengo la mabawa mawili unaitwa mfaa, na hapo ndipo fundi alipoonyesha ufundi wake wote.

Utaambiwa misumari ile ilikuwa ya kuzuia tembo. Cheka kidogo uendelee. Unguja hakujawa na tembo wa kuvunja milango ya watu. Desturi ililetwa kutoka India, na hapa ikabaki kuwa pambo na tangazo la mali. Kwenye fremu tafuta mnyororo, samaki, mtende na ua la yungiyungi. Kila mtu atakupa maana zake, na wengine huzitunga palepale.

Baraza, lile benchi la mawe linaloambaa na ukuta, lina kazi mbili. Ni sebule ya wanaume, mahali pa kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani walipo wanawake. Na siku ya mvua kubwa, kichochoro kikigeuka mto, baraza inakuwa njia ya juu ya kupitia.

Siku ya kwanza asubuhi: Mkunazini hadi Minara Miwili

Saa mbili na nusu uwe kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa, mpaka Sultani Seyyid Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873. Jiwe la kwanza la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni linaloonyesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Simama hapo, halafu tazama juu: paa ni tao refu la kokoto za matumbawe na saruji, jambo la ajabu kwa wakati ule, na watu waliamini litaanguka. Halijaanguka. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye yuleyule aliyetunga sarufi ya Kiswahili. Amezikwa nyuma ya madhabahu. Karibu na mlango wa kuingilia kuna nguzo ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu alipokuwa safarini, na aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Ukutani upo msalaba mdogo wa mbao ya mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone.

Nje kuna sanamu za watu watano shimoni, shingoni wamefungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Usipige picha ya kutabasamu hapo, tafadhali.

Chini ya jengo la jirani utaonyeshwa vyumba viwili vifupi na kuambiwa ndimo watumwa walimohifadhiwa. Jengo la juu lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wapo wanahistoria wanaobisha. Mimi humwambia mgeni aingie, ainame, akae dakika tano kimya, kisha asome maelezo ya kituo cha kumbukumbu yaliyo juu. Hapa pape saa nzima na zaidi.

Ukitoka, vuka hadi Soko la Darajani la mwaka 1904. Jina Darajani ni la kweli kabisa: mbele ya soko palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walipita kwa daraja. Bahari ikafukiwa, jina likabaki. Pita mnadani kwa samaki haraka haraka ikiwa tumbo lako si imara.

Rudi ndani kuelekea Hamamni, kwenye hamamu, yaani nyumba ya kuogea ya umma, iliyojengwa enzi za Barghash. Maji hayapo tena, lakini vyumba vyenye vitundu vya mwanga darini vipo. Ukikuta pamefungwa, uliza duka la mbele. Mwenye ufunguo hayuko mbali.

Saa tano na nusu utakuwa umechoka, na njia inakuleta Jaws Corner, makutano ya vichochoro yenye picha ya papa ukutani. Hii ni baraza ya mtaa mzima. Agiza kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kipande cha kashata, kaa ukingoni, sikiliza siasa na mpira. Usitoe maoni mpaka umalize kikombe cha pili.

Hatua chache kutoka hapo ni Kanisa la Mtakatifu Joseph, ambalo hakuna mwenyeji anayeliita hivyo. Ni Minara Miwili. Ajabu yake ni kwamba minara hiyo utaiona kutoka baharini na kutoka juu ya kila nyumba, lakini ukiwa chini vichochoroni utaikosa mara tatu kabla ya kufika. Lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890. Likiwa wazi ingia dakika kumi. Likiwa limefungwa, hukukosa kikubwa.

Kisha nenda ukalale. Kweli. Kati ya saa saba na saa kumi hata paka wa mji huu hulala.

Siku ya kwanza jioni: Shangani na Forodhani

Saa kumi anza Shangani. Pitia kiwanja cha Kelele, ambacho siku hizi ni pakimya, hadi jengo la Mambo Msiige lililo ufukweni. Lilijengwa katikati ya karne ya 19 na Mwarabu tajiri aliyeamua pasiwe na wa kumuiga, na jina lenyewe ni amri: msiige. Wazee husimulia kuwa chokaa yake ilichanganywa mayai kwa maelfu, na kwamba watu walizikwa hai kwenye kuta zake. Hadithi ya mayai naipenda, ya pili naiachia wasimulizi. Sasa ni sehemu ya hoteli kubwa, na kuliona vizuri inatosha kusimama upande wa pwani.

Fuata bahari hadi Bustani ya Forodhani. Hapa palikuwa na forodha, ndiyo asili ya jina, kabla ya kufanywa bustani mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub kwenye kiti. Ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Watu huiita bustani ya chakula na kusahau kuwa ni bustani. Njoo kabla ya saa kumi na mbili: kaa chini ya mti ukitazama jahazi zinarudi, na vijana wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mtindo wake. Jua likizama wauzaji huwasha taa zao.

Kuhusu kula: pita mara moja meza zote bila kununua. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, maana mishkaki ya pweza iliyokwisha chomwa haina majadiliano. Vyakula vya baharini vinavyopangwa mezani tangu alasiri mimi siviamini sana. Nachukua piza ya Zanzibar inayokaangwa mbele ya macho yangu na juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi. Urojo nenda ukanywe mitaani mchana, ni mtamu zaidi na nafuu.

Siku ya pili asubuhi: ukanda wa bahari, kutoka Malindi kushuka

Asubuhi majumba ya ufukweni yanakupa kivuli upande wa barabara, kwa kuwa yanatazama magharibi. Mchana yote ni tanuri. Basi saa mbili uwe Malindi.

Anza na mnara wa msikiti wa Malindi, ulio mnene chini na mwembamba juu kama pia iliyopinduliwa, umezungushiwa nakshi za pembe pembe. Ni wa mwaka 1831, na minara ya umbo hilo Afrika Mashariki ni ya kuhesabu. Utazame kutoka nje. Mji huu una misikiti karibu 50, na huenda umekwisha kuipita kumi bila kujua. Watawala wa Oman walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na misikiti ya Kiibadhi ya zamani haina mbwembwe wala mnara. Kwa nje unadhani ni nyumba ya mtu. Masikio yatakusaidia kuliko macho.

Mbele ya bandari ndipo lilipo jengo ninalolipenda kupita yote: Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa karibu na Barghash, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 na hakuliona likikamilika mwaka 1894. Simama ng'ambo ya barabara utazame roshani: mbao zimechongwa kama lesi, rangi ya kijani na nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa. Halafu ingia uani utazame vioo vya rangi. Lilikuwa gofu la kutisha kabla ya kukarabatiwa miaka ya 1990. Kwangu hili ndilo jibu kwa wanaosema nyumba za matumbawe haziokoleki.

Shuka na barabara ya Mizingani. Utakutana na Mtini mkubwa uliopandwa na Sultani Khalifa mwaka 1911. Chini yake mabaharia hukaa wakisubiri abiria wa visiwani. Kivuli chake ni bustani tosha, kapumzike. Karibu yake ni Forodha ya Zamani, ambamo chuo cha muziki wa nchi za jahazi hufundisha taarabu. Ukipita jioni utasikia mtu anahangaika na qanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, ghorofani.

Makumbusho ya Kasri, Beit al-Sahel, ilijengwa upya baada ya ile ya kwanza kubomolewa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Vita vile vilidumu chini ya saa moja. Kabla ya kuingia, uliza mlinzi vyumba vipi vimefunguliwa. Chumba kinachosimulia habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni na kutoroka kwenda Ujerumani, ndicho cha kukaa muda mrefu. Angalia pia upana wa vyumba: boriti ileile ya mikoko inamtawala na Sultani.

Sasa Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Barghash alilijenga mwaka 1883 la sherehe, likiwa na nguzo za chuma zilizozunguka roshani pande zote, na likawa la kwanza kuwa na umeme na lifti katika pwani hii. Mizinga ya 1896 haikuliangusha. Maji yaliweza. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilidondoka, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, upande wake mmoja pamoja na mnara wa saa uliporomoka na kuua watu wawili. Kazi ya kulijenga upya ni ndefu. Lichukulie kuwa la kutazamwa kutoka nje ya uzio, na usimwamini anayekuahidi kukupenyeza ndani. Kumbuka ule ukuta wa Mkunazini. Kilichotokea huko kwenye kichochoro kwa nyumba ya mtu maskini ndicho kilichotokea hapa kwa jumba la mfalme, tofauti ni ukubwa wa kishindo.

Ngome Kongwe iko ubavuni. Waoman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Imewahi kuwa gereza, na baadaye karakana ya reli ya Bububu. Ndiyo, Unguja tulikuwa na treni kabla ya miji mingi ya bara. Uwanja wa ndani una jukwaa la mawe, na Februari tamasha la Sauti za Busara hujaa humo. Siku za kawaida ingia bure, kunywa soda kivulini, toka.

Siku ya pili alasiri: bustani za Kaunda, kisha Ng'ambo

Saa kumi nenda barabara ya Kaunda, upande ambao wageni wa haraka hawafiki. Hapa mitaa ni mipana, miti ni mikubwa, na unapumua.

Bustani ya Victoria palikuwa mahali pa wanawake wa Barghash pa kuogea na kupunga hewa, na Sultani Hamoud akaitoa kwa watu wote kuadhimisha jubilei ya Malkia ya mwaka 1897. Ukumbi uliomo ndimo lilimokaa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia mwaka 1926 hadi Mapinduzi. Usitegemee maua ya kupangwa kwa rula. Ni bustani ya miti mizee na majani yaliyodondoka, ya kusomea gazeti. Ng'ambo ya barabara ni Ikulu, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni.

John Sinclair, msanifu majengo wa Kiingereza, amejaa eneo hili. Mahakama Kuu ni yake, na Beit al-Amani, makumbusho yenye kuba nyeupe ya mwaka 1925, ni yake. Alichukua matao ya Kiislamu akayavika ofisi za Kiingereza. Wapo wanaomuona mwigaji tu. Mimi naona alikuwa na jicho, ila linganisha mwenyewe na Zahanati ya Zamani: ile imechongwa na mikono iliyozaliwa na kazi hiyo, hii imechorwa mezani.

Pita Bustani ya Jamhuri na kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambako siku za Sikukuu watoto wote wa Unguja huletwa na nguo mpya, kisha vuka barabara ya Creek kwenda Michenzani. Najua, vitabu vya watalii havikupeleki huko. Lakini majengo yale marefu yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kwa wazo la Mzee Karume la kumtoa mkaazi wa Ng'ambo kwenye kibanda, ni alama ya mji sawa na Ajaib. Simama kwenye mzunguko wa barabara katikati, uone yalivyonyooka pande nne. Mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi uko hapohapo. Fika jua likizama, wakati kanga zimeanikwa roshanini na wauza mihogo wamewasha majiko.

Nusu siku ya tatu: magofu ya kaskazini

Panda daladala namba 502 ya Bububu asubuhi mapema na umwambie utingo akushushe Maruhubi. Kasri la Maruhubi lilijengwa na Barghash mwaka 1882 na likaungua mwaka 1899; zimebaki nguzo nene zilizopangika kama watu wanaosubiri, na hamamu. Nusu saa inatosha. Endelea hadi Mtoni, kasri kongwe kuliko yote, alipozaliwa Salme mwaka 1844, magofu ya ufukweni yanayohitaji umwambie mtu akusimulie ili uyaelewe.

Kidichi ndiko kwa kuweka nguvu. Kutoka Bububu njia inapanda ndani kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi. Chukua bodaboda na umwambie akusubiri. Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu hapa mwaka 1850, akija shambani baada ya kuwinda apate kuoga. Nje ni kuba nyeupe chache tu, mgeni huuliza kama ni hizo. Ndani, kwenye chokaa, kuna ndege, mitende na maua yaliyofinyangwa kwa mkono, na ndege ni jambo la nadra kwenye nyumba ya Kiislamu ya pwani. Fundi alikuwa na desturi za kwao Uajemi. Unyevu umekula baadhi, ukungu umeweka weusi wake, lakini tausi bado wanatambulika. Usiwaguse, mafuta ya vidole huharibu chokaa. Washa tochi ya simu uishike ubavuni mwa ukuta, mwanga ukipita kwa chini kwa chini, na nakshi zitainuka zenyewe.

Rudi Bububu kabla ya saa saba, kwa kuwa baada ya hapo wanafunzi hutoka skuli na daladala zote hujaa watoto.